Pacha Aliyesubiri Adhana

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya maabara leo mna raha zenu. Mume akija na shaka yake mnampa kijiti cha pamba, mnamwambia ajipanguse shavu kwa ndani, kijiti kinatiwa bahashani na kupelekwa Nairobi, na jibu likirudi linawakuta mmekaa mbali na ugomvi. Sisi hatukuwa na umbali huo. Miaka ya themanini, katika hospitali niliyofanyia kazi pale Malindi, maabara ilikuwa chumba kimoja chenye kigae cheupe, vichupa viwili vya dawa, cha buluu na cha manjano, hadubini ya jicho moja, na dirisha la kupokelea vikopo vya choo na mkojo. Dirisha lile lilikuwa pana kiasi cha mume mwenye hasira kuingiza kichwa na bega moja. Na waliingiza.

Namshukuru Mungu kwa kila siku niliyokaa nyuma ya dirisha lile. Msidhani natania. Nilisoma chuoni kwa marehemu babangu, nikahifadhi juzuu zangu, na mamangu alitaraji niwe khatibu. Mungu akanipeleka kwenye choo cha watu. Basi subira niliyosomeshwa chuoni niliielewa vizuri nilipoketi mbele ya bibi anayenieleza mwendo wa tumbo lake tangu juzi alfajiri, na kikopo chenyewe hajakileta.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kahindi, mtu wa Ganda, mzee wa kanisa. Jioni mimi nikisomesha watoto Kurani, yeye akifundisha kwaya. Hatukupata kubishana juu ya dini. Tulikubaliana kwamba Mungu ni mmoja na kwamba choo kisichofunikwa hakipokelewi, na juu ya misingi hiyo miwili tulifanya kazi kwa amani.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili: kabla hujampima mtu yeyote asubuhi, jipime mwenyewe. Unaweka tone la damu kwenye dawa ya buluu, na jingine kwenye ya manjano. Damu ya kundi A hushikana vipunje vipunje kwenye buluu, kama maziwa yaliyokatika. Ya B hushikana kwenye manjano. Ya AB hushikana kote kuwili, na ya O haishikani popote, inatulia tu kama haijaambiwa neno. Mimi ni A, yeye alikuwa B. Tukijitoboa kila asubuhi mpaka vidole vikawa kama chujio.

Nikamuuliza, "Mzee, kwani kundi langu litabadilika nikilala?"

"Lako halibadiliki. Dawa ndiyo hufa."

Nilimwelewa siku umeme ulipokatika usiku kucha na friji ikapata joto. Mwenzetu wa zamu akaanza kupima watu bila kujijaribu. Asubuhi ile mji mzima ukawa O. Mama wa Muyeye ni O, mvuvi wa Mambrui ni O, mpaka Mtaliano mmoja aliyeanguka na pikipiki akawa O. Mzee Kahindi akaingia, akatazama kigae, akavua kofia. "Ama sote tumerudi kuwa mtoto mmoja wa Adamu," alisema, "ama friji imekufa." Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekuwa ametiwa damu bado. Kwa hiyo hata hizo mashine zenu, ziulizeni kwanza swali mnalojua jibu lake.

Basi habari zilienea mjini kwamba dirishani kwetu damu husema. Maskini, watu walidhani husema kila kitu. Nilijiwa na mwanamume aliyetaka nimpime mtoto kwa sababu mtoto hapendi samaki. Ukoo wao mzima wanapenda samaki, kwa hiyo huyu katoka wapi? Nikamwambia arudi mtoto akishaota meno. Kusema kweli, damu ile ya vichupa viwili ilijua kukataa tu, kukubali haikujua. Mwanamume wa AB akiletewa mtoto wa O, tungeweza kusema kwamba hapa pana jambo. Lakini kumwambia mtu "huyu ni wako" hatukuweza. Mwenye damu inayolingana na ya mtoto anaweza kuwa babake, na anaweza kuwa mimi, au imamu, au yule Mtaliano wa pikipiki.

Hilo nililieleza mara nyingi. Aliyelisikia vibaya kuliko wote ni Athmani.

Jina lake silo hilo, na wanawe sasa ni watu wazima wenye heshima zao. Athmani alikuwa mchuuzi wa mbuzi, akikaa Muyeye. Akiondoka siku mbili tatu kwenda kununua mbuzi kwa wakulima wa Ganda na mbele yake, kisha anarudi nao mjini. Mkewe nitamwita Rukia, mtoto wa Takaungu, mfupi wa kimo, na ulimi wake haukuwa mfupi.

Siku hizo hatukuwa na mashine ya kutazama ndani ya tumbo. Mkunga aliweka pembe yake, akasikiliza, akasikia moyo mmoja, akaridhika. Rukia akajifungua mtoto wa kiume, mweusi mzuri, Athmani mtupu. Athmani akaitwa. Akamuadhinia mtoto sikio la kulia, akamsomea ikama la kushoto, akampa jina Hassan, akatoka mbio kwenda barazani kutangaza. Naye bado yuko barazani anapokea pongezi, mkunga akasema, "Bibi, hebu usiinuke kwanza."

Wa pili alitoka mweupe. Sisemi maji ya kunde, nasema mweupe, na nywele zimelala kama zimechanwa. Athmani aliporudi na furaha yake akakuta wawili kitandani. Akamwambia mkunga, "Na huyu wa mtu mnamlaza hapa kwa nini?"

Mkunga akamwapia. Yeye ndiye aliyempokea, kwa mikono yake. Athmani akamkumbuka bibi yake mzaa mama aliyekuwa na hekima ya kutazama rangi ya mtoto mchanga. Nanyi ijueni, ni elimu nzuri: usimtazame uso, mtazame ukingo wa masikio na mizizi ya kucha, ndiko rangi yake inakokwenda. Akamgeuza mtoto masikio. Masikio nayo meupe. Akamrudisha kitandani, akatoka, na adhana hakuadhini.

Mjomba wake Rukia akajitolea kuadhini badala yake, na sheria inaruhusu. Rukia akakataa. "Ana baba," akasema. "Babake ataadhini. Nitangoja."

Sasa mtu mwengine wa pwani angesema damu ya huku ni mchanganyiko, nani hana babu Mshihiri au bibi wa Lamu, akanyamaza. Athmani hakuweza kunyamaza kwa sababu ya kazi yake. Kosa lile lisingemjia mvuvi wala mshona nguo. Athmani alijua kwa macho yake kwamba mbuzi jike akipandwa na mabeberu wawili katika joto moja, huweza kuzaa pacha wa baba wawili, tumbo moja, siku moja. Na barazani nao walijua kwamba anajua. Jioni ile mmoja akamrushia, "Athmani, zizi lako lina beberu mmoja au wawili?" Watu wakacheka mpaka buli la kahawa likaangushwa. Hakulala.

Siku ya sita akaja dirishani. Kichwa na bega.

"Maalim," akaniambia, maana wengi waliniita hivyo kwa ajili ya chuo, "kesho ndiyo siku ya saba. Kesho nachinja akika. Nataka kujua nachinjia mtoto mmoja au wawili."

"Salamu kwanza, bwana."

"Assalamu alaykum. Mmoja au wawili?"

Nikamweleza habari ya damu inayojua kukataa tu. Akatikisa kichwa kama wanavyotikisa watu wanaongoja unyamaze. Kisha akaniuliza jambo moja ambalo ilinibidi nilijibu kwa ukweli: "Niambie, na wewe unamwogopa Mungu. Yale ya mbuzi, kwa binadamu yanawezekana?"

Mzee Kahindi, aliyekuwa kwenye hadubini, akaacha kuzungusha. Mimi nilijua jibu, tulisomeshwa. Kuna pacha wa yai moja lililogawanyika, hao ni mtu mmoja mara mbili, na baba yao hawezi kuwa ila mmoja. Na kuna pacha wa mayai mawili, hao ni ndugu wa kawaida waliopanda gari moja. Wa mayai mawili, ndiyo, inawezekana kila yai likapata babake. Ni nadra sana, lakini inawezekana.

"Inawezekana," nikasema. "Kuwezekana si kutokea."

Alisikia neno la kwanza tu.

Ndipo Rukia akatokea nyuma yake, Hassan mkononi, na dadake amembeba yule mwengine. Hakungoja kuulizwa. "Mpimeni," akasema. "Nipimeni na mimi. Wapimeni na watoto. Na mbuzi zake wako nje wamefungwa kwenye mti, mkitaka wapimeni nao."

"Rukia, sema polepole, watu wanasikia," Athmani akasema.

"Wamesikia barazani, wasikie na hapa."

Nikawaingiza ndani. Nilijipima mwenyewe kwanza, Mzee Kahindi akajipima, dawa ikawa hai. Nikamtoboa Athmani, ambaye huchinja mbuzi bila kupepesa na hapo alifumba macho na kusoma shahada. Nikamtoboa Rukia. Watoto hutobolewa kisigino, tena kwanza ukipashe moto kwa kitambaa cha maji vuguvugu, na usisome jibu kwa haraka, kwa sababu damu ya mtoto mchanga hushikana taratibu. Tikisa kigae, ngoja, tikisa tena. Wengi wamewaita watoto O kwa sababu ya njaa ya chakula cha mchana.

Athmani alikuwa A. Rukia, O. Yule mweupe, A. Na Hassan, mweusi, Athmani mtupu, aliyekwisha kuadhiniwa na kutangazwa barazani, alikuwa O kama mamake.

Nilitaka nieleze kabla hajaangalia. Sikuwahi. Athmani aliinama juu ya kigae, akaangalia matone, akaonyesha kwa kidole.

"Hili langu limeshikana."

"Ndiyo."

"Na hili la mweupe limeshikana kama langu."

"Ndiyo, lakini..."

"Na hili la Hassan halikushikana." Akainuka. Uso ulimbadilika mbele yetu. "La haula! Kumbe asiye wangu ni Hassan!"

Mzee Kahindi akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Nilijiuma ulimi. Wiki nzima mtu amemkana mtoto mmoja, na sasa, kwa muda wa kutikisa kigae, amemchukua huyo na kumtupa mwenziwe.

"Bwana Athmani, kaa," nikamwambia. Akakaa. "Kila mtu amebeba damu mbili, moja ya babake na moja ya mamake. O ni dhaifu, ikikaa pamoja na A hujificha, haionekani. Wewe unaonekana A, lakini huenda ndani yako imo O iliyojificha. Huyu mweupe umempa ile A. Hassan huenda umempa ile O, ikakutana na O ya mamake, ikajitokeza. Kila mmoja kachukua mkono wake."

"Kitu kisichoonekana nitakiaminije?"

"Huko zizini kwako, beberu mwekundu hajawahi kukuzalia mtoto mweupe?"

"Amezaa, tena kwa jike jekundu. Lakini babake beberu alikuwa mweupe."

"Na huo weupe, kwa beberu mwenyewe ulikuwa unauona wapi?"

Akanitazama. Waliosoma chuoni watakikumbuka kisa cha bedui na ngamia wake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimtuliza mume mwenye shaka kama hii kwa kumuuliza rangi za ngamia wake, zamani, kabla mtu hajaota hadubini. Athmani akatikisa kichwa, safari hii kama aliyesikia. Kisha akaharibu tena. "Sawa. Kwa hiyo damu haijamkataa hata mmoja. Lakini haijakubali pia. Maalim, basi niambie wewe: yupi ni wangu kwa yakini?"

Rukia ndiye aliyejibu, na alijibu kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

"Athmani. Ulipomuadhinia Hassan, nani alikupa yakini? Ulimwona mweusi ukatosheka. Weusi kama wako wamejaa Muyeye nzima, mbona hukuuliza? Miaka yote unakwenda kwa mbuzi zako siku tatu, na mimi sijakuuliza huko Ganda unalala wapi. Nimekuamini tu. Sasa mimi sigawi tumbo langu. Ukiwataka, ni wawili. Ukimwacha mmoja, nakwenda nao wote Takaungu kwa babangu leo hii, na mbuzi zako uwachinjie hao wa barazani."

Dadake akasema, "Gari la Takaungu liko nje, nimeliona." Halikuwako, lakini lilisaidia.

Na mimi nikasema langu, kwa kuwa ilikuwa haki yake kulijua. Nikamwambia dini haikumwacha mume hivi hivi. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa. Anayetaka kumkana, basi aende kwa kadhi, asimame, aape kwa Mungu mara nne kwamba mkewe amezini, na mara ya tano ajitakie laana ya Mungu ikiwa ni mwongo. "Ushahidi wako ni masikio na nywele," nikasema. "Ukitaka nitakusindikiza. Kadhi yuko ofisini mpaka adhuhuri."

Athmani alitazama kigae, akatazama mlango, akatazama mikono yake. Mtu yule hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa kuchekwa, na sasa alitakiwa amwogope Mungu, na mambo mawili hayo yalikuwa yanamvuta huku na huku.

Mzee Kahindi ndiye aliyefanya jambo la maana. Bila kusema neno, alimchukua yule mweupe kutoka kwa dadake Rukia, akamweka mapajani mwa Athmani, akarudi kwenye hadubini yake. Ilikuwa mara ya kwanza Athmani kumshika tangu siku ile ya masikio.

Naye akafanya kile mikono yake ilichozoea. Nina hakika hata hakujua anafanya nini. Akampitisha kidole gumba kwenye uti wa mgongo. Akamminya paja. Akamfungua kinywa, akatazama ufizi. Kisha akampa Rukia ishara amlete Hassan, akawapima wote wawili, mmoja kila kiganja, akiinua na kushusha, kama afanyavyo sokoni.

"Huyu mzito," akasema, akimwinua yule mweupe.

"Ananyonya huyo," Rukia akasema. "Mwenzake mvivu."

"Mzito sana. Mgongo mpana." Akainua tena. "Mtoto kama huyu unampeleka Takaungu wamfanyie nini?"

Hapo nilijua. Mchuuzi hawezi kumwacha aliye mzito aende zake, na Rukia alishasema akiondoka anaondoka na wote wawili.

Akaniambia, "Maalim, nageuka upande gani?"

"Si humu," nikamwambia. "Humu mna vyoo vya watu kumi na wawili. Toka nje."

Tukatoka wote mpaka kwenye ukumbi ambapo wagonjwa hungoja kwa mabenchi. Athmani akaelekea kibla, akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto. Adhana ya mtoto mchanga husomwa kwa sauti ndogo, kiasi cha kusikia yeye tu. Lakini Athmani koo lake lilikuwa la sokoni, na juu ya hayo alikuwa na adhana ya siku sita ndani yake. Alipotoa takbiri ya kwanza mtoto alishtuka mikono yote miwili, na benchi zima likageuka. Wauguzi walitoka wodini. Mbuzi nje walijibu. Hakupunguza. Alikwenda mpaka mwisho, machozi yanamtiririka ndevuni, akamkimia sikio la pili, akasema, "Hussein. Hussein bin Athmani," kwa sauti ile ile, ili na walioko dirisha la dawa wasikie.

Katikati ya ukumbi mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya malaria alikuwa ameshainuka. Alikuwa amekunja suruali, ameshaosha uso, mikono na miguu kwenye bomba, naye anatafuta jua lilipo kwa mashaka.

"Adhuhuri mara hii?" akauliza.

"La, babu," Rukia akamjibu, akimchukua mwanawe. "Ni ya wiki jana. Ilichelewa."

Mzee akafikiri. "Si kitu," akasema, "nimeshatawadha. Nitaswali sunna ya dhuha." Akatandika kikoi chake pembeni mwa ukuta.

Dirishani vikopo vilikuwa vimepanga foleni. Nikavua koti langu jeupe, nikamwambia Mzee Kahindi anishikie zamu kidogo, nikaenda bombani kutawadha.